Profesa Akikabidhiwa Ofisi: Je, Uongozi wa Chuo Unafundishika?

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, alama zangu za somo moja hazikuonekana kwenye matokeo. Mtihani nilifanya, karatasi ya mahudhurio nilisaini. Wiki nne nikazunguka ofisi tatu. Idara inasema alama zimeshapelekwa, ofisi ya mitihani inasema hazijafika, na bila matokeo kamili bumu halitoki. Nikawa nakula kwa mkopo kwa mama ntilie.

Kilichonishangaza ni kwamba mkuu wa idara yetu alikuwa mwalimu bora kuliko wote walionifundisha. Darasani alikuwa moto. Ofisini kwake, mafaili yalijaa mpaka kwenye kiti cha wageni.

Jiulize basi: mtu huyu alifikaje kwenye kile kiti? Kwa kawaida, mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho, utafiti na ufundishaji. Akiiva, anakabidhiwa idara, baadaye kitivo, pengine chuo kizima. Lakini kupanga bajeti, kuendesha kikao kisichokwisha kwa ugomvi, au kufuatilia faili lililokwama ni ujuzi mwingine kabisa, na huenda hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 1969 Laurence Peter na Raymond Hull waliandika kitabu chenye utani mwingi kuhusu jambo hili. Walisema mtu hupandishwa kwa sababu anaiweza kazi aliyonayo, anaendelea kupanda hadi afike kwenye kazi asiyoiweza, na hapo ndipo anapobaki. Ni utani, ila ukiwa kwenye foleni ya ofisi huoni cha kucheka.

Je, suluhisho ni kuleta mameneja kutoka nje na kuwaacha wasomi maabara? Subiri kwanza. Mtafiti Amanda Goodall alichunguza vyuo vikuu 55 vya utafiti vya Uingereza, na mwaka 2009 akachapisha matokeo yake: vyuo vilivyoongozwa na wasomi waliobobea zaidi vilielekea kufanya vizuri zaidi kitafiti miaka iliyofuata. Yaani usomi unasaidia. Msomi anaijua kazi yenyewe, na wenzake wanamheshimu. Tusimwondoe, tumwongezee kile anachokosa.

Na anachokosa si amri. Mkuu wa idara hawezi kumwamrisha profesa mwenzake kama koplo. Kesho muda wake ukiisha, huyo huyo profesa anaweza kuwa bosi wake. Kwetu Usukumani jambo hili si geni. Zamani vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyeratibu kazi za pamoja shambani. Nguvu yake ilitegemea vijana wenzake kumkubali. Na kabla ya kuongoza alikuwa amelima nao, akiona kiongozi aliyemtangulia anavyogawa kazi na kusuluhisha ugomvi. Alijifunza uongozi akiwa kazini.

Sayansi ya mafunzo inakaribiana sana na hilo. Mwaka 2017 Christina Lacerenza na wenzake walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 335 za mafunzo ya uongozi. Jibu lao: ndiyo, uongozi unafundishika. Lakini matokeo hupanda pale ambapo waandaaji walianza kwa kuchunguza mahitaji ya washiriki, wakawapa mrejesho, wakawafanyisha mazoezi badala ya kuwasomea tu slaidi, na wakagawa mafunzo katika vipindi vilivyoachana badala ya kuyamaliza kwa mkupuo mmoja.

Linganisha na semina elekezi unayoijua wewe. Siku mbili hotelini, slaidi mia, picha ya pamoja, cheti, posho, kwaheri. Mwisho mnajaza fomu: "Umeridhika?" Wote wameridhika, chakula kilikuwa kizuri.

Tangu 1959 Donald Kirkpatrick alipendekeza tupime mafunzo kwa ngazi nne: mshiriki ameyapenda? Amejifunza kitu? Kazini amebadilika? Taasisi imepata nini? Fomu ya hotelini inaishia ngazi ya kwanza. Mwanafunzi aliyepotelewa na alama anaishi ngazi ya nne.

Kozi zinazojaribu kufika huko zipo. Tangu 2007 Ujerumani, kupitia DAAD na baraza la wakuu wa vyuo vikuu vyake, huendesha kozi ya kimataifa kwa wakuu wa vitivo kutoka nchi zinazoendelea. Mshiriki huja na tatizo halisi la kitivo chake, hulifanyia mpango, hurudi nyumbani kuutekeleza, kisha hukutana tena na wenzake kueleza kilichofanikiwa na kilichogoma. Hapa nyumbani, Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa 2010, imekuwa ikitoa stashahada ya uzamili ya uongozi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland.

Kwa nini nayasema haya nikiwaza Bariadi? Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012 kutoka Shinyanga, na sasa Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kina kampasi mkoani kwetu. Mtoto wa mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu anaweza kusoma elimu ya juu bila kupanda basi la Dar es Salaam. Ni neema. Ila kampasi yoyote iliyo mbali na makao makuu ina mtihani wake: watumishi ni wachache, mtu mmoja anabeba kofia tatu, na anayemzoea bosi huyo ndiye atakayeiga mazoea yake. Tabia za miaka ya mwanzo huwa ndizo utaratibu. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo, mafunzo ya viongozi yasiishie kwa wakuu pekee. Afisa mikopo, afisa mitihani na msajili nao wanaongoza, hata kama milango yao haina neno "mkuu". Wakutane kila baada ya miezi michache, kila mmoja na tatizo moja la ofisini kwake, na kikao kinachofuata kianze na swali: lile la mara iliyopita limefikia wapi?

Nawe ukisikia viongozi wa chuo chako wametoka mafunzoni, usiulize walifundishwa na nani. Hesabu siku. Kabla ya mafunzo, alama iliyopotea ilichukua wiki ngapi kupatikana? Na sasa je? Yangu ilichukua wiki nne, na ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya lundo la mafaili, kwenye kile kiti cha wageni.