Bendi ilibadili jina, gita halikunyamaza

Je, msomaji mpenzi, ukiamrishwa uache jina ambalo mashabiki wamekuzoea nalo, utakubali au utatupa gita chini?

Mkasa huo ulimfika Radim Hladík, mpiga gita la umeme stadi aliyezaliwa mwaka wa 1946. Baada ya kuvuma na The Matadors jijini Prague, alishiriki kuanzisha bendi ya Blue Effect mwaka wa 1968, mwaka ule ule vifaru vya Kisovieti vilipoivamia Chekoslovakia. Muda si muda, wakuu wa serikali wakayapiga vita majina ya Kiingereza. Bendi ikawa Modrý efekt, kisha M. Efekt.

Hladík hakususa. Mwaka wa 1971 bendi yake ilirekodi Nová syntéza pamoja na kundi la jazi la redio ya taifa. Hakuna uimbaji humo; ala ndizo zinazosema.

Utawala huo uliporomoka mwaka wa 1989, na baadaye Hladík akaifufua bendi kwa jina lake la awali. Alifariki tarehe 4 Desemba 2016, siku 9 kabla ya kutimiza miaka 70.

Nawe kijana unayejifunza gita, kumbuka: jina laweza kufutwa bangoni, lakini ufundi hukaa vidoleni.