Kupiga picha galaksi za mbali si kupiga ramli

Baadhi ya wazazi huingiwa na wasiwasi wanapomwona kijana wao akitoka na kamera usiku wa manane ili azipige picha nyota. Wasiwasi huo chanzo chake ni neno "unajimu", ambalo katika Kiswahili limebeba mambo mawili. Kuna elimu ya falaki, iliyotupatia mwelekeo wa Kibla, nyakati za Sala na hesabu ya miezi. Kuna pia ubashiri wa anayedai kuisoma bahati ya mja katika nyota, nao umekatazwa. Hivyo basi, kabla ya kumzuia kijana, yatupasa tujue anafanya lipi kati ya hayo.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na jua letu ni nyota moja tu katika mojawapo. Mwaka 964 Abdur-Rahman as-Sufi, mwanafalaki wa Isfahan, aliitaja katika kitabu chake galaksi ya Andromeda kuwa ni wingu dogo. Ndiyo kumbukumbu ya kale zaidi ya galaksi hiyo inayojulikana. Mwaka 1888 Isaac Roberts, mfanyabiashara wa ujenzi nchini Uingereza ambaye falaki haikuwa kazi yake, aliipiga picha iliyodhihirisha mizunguko yake. Mwaka 1923 Edwin Hubble, kwa kutumia picha vilevile, akagundua ndani yake nyota iliyothibitisha kuwa wingu lile liko nje kabisa ya galaksi yetu. Nuru yake, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde, hutufikia baada ya miaka milioni 2.5.

Ndugu zetu wa Dodoma, Kondoa, Bahi na Manyoni wamejaaliwa anga njema kwa kazi hii. Mji wa Dodoma uko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni adimu. Galaksi za kaskazini na za kusini zote huonekana. Mwishoni mwa Mei, saa nne usiku, Centaurus A huwa juu upande wa kusini. Katikati ya Agosti, saa tisa na nusu usiku, Andromeda huwa upande wa kaskazini, saa ambayo wengine wamekwisha kuamka kwa tahajudi.

Kalenda ya Hijria nayo yamfaa mpiga picha. Usiku wa tarehe 13 hadi 15 mwezi hung'ara na kuzifunika galaksi. Mwisho wa mwezi na siku zake za mwanzo ndio wakati wake.

Ugumu uko katika mzunguko wa dunia. Kamera ikiachwa wazi kwa muda mrefu, nyota hugeuka michirizi. Wenye uwezo hutumia mtambo unaoifuata anga, ambao sharti uelekezwe kwenye ncha yake. Dodoma ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, mara nyingi nyuma ya vilima na vumbi, na haina nyota angavu ya kuionyesha. Njia nafuu ni kupiga picha 200 za sekunde 5 kila moja, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta isiyolipiwa. Picha 100 zikiunganishwa, chengachenga hupungua mara kumi.

Hapa ndipo amana inapohitajika. Kuongeza mwanga na rangi ili kilichonaswa kionekane ni halali ya fani hii. Kupachika kisichokuwapo ni uongo. Picha za awali zihifadhiwe zote. Tarehe 20 Septemba 2016 Víctor Buso, fundi wa kufuli wa Rosario nchini Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini yake. Katika picha alizozipiga mfululizo za galaksi NGC 613, mlitokea nuru ya nyota iliyoanza kulipuka. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha utafiti uliotokana na picha hizo. Lau angalizifuta, ushahidi usingalikuwapo.

Neema hii yaweza kutoweka. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na kila mtaa mpya huja na taa zake. Taa ni usalama, hatuzipingi. Lakini taa inayomulika mawingu haimsaidii mpita njia. Ifunikwe juu, imulike chini.

Enyi wazazi, kijana asiende porini peke yake usiku. Mfuateni, au mpeni nafasi kwenye shamba la familia, mkae naye mtazame. Qur'ani imewasifu wanaotafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Mtoto aliyeiona nuru iliyosafiri miaka milioni 2.5 hadi kwenye uwanja wa nyumba yake amepata la kutafakari, na mzazi aliyekaa kando yake amepata la kumfundisha.