Jino zima hung'olewa, kumbe ugonjwa uko kwenye taya

Mwamapalala, wilayani Itilima mkoani Simiyu, ni nchi ya Wasukuma, na taya huko hazina mapumziko. Kiangazi hutafunwa michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa juani, na watoto humenya miwa kwa meno. Mtu akilalamikia shavu linalouma hadi sikioni, wa kwanza kushukiwa ni jino. Hung'olewa gego, maumivu yakabaki palepale, kisha likafuatwa la pili. Gego la mtu mzima haliroti tena.

Ndugu msomaji, weka vidole mbele kidogo ya masikio, ufumbue kinywa na kukifumba. Utahisi mfupa ukiteleza. Hicho ndicho kiungo cha taya, na ndani yake mna gegedu linalozuia mifupa kusagana. Gegedu likihama, au misuli ya kutafunia ikielemewa, kiungo huuma, hulia, hata hukwama. Wanaougua zaidi ni wanawake.

Daktari wa meno hutambua maradhi haya kwa kuuliza na kupapasa kabla ya picha yoyote. Jino bovu aghalabu hushtuka kwa maji baridi au chai ya moto, na huuma likigongwa. Kiungo huuma mtu atafunapo au apigapo miayo, na kwa asagaye meno usingizini huwa kizito zaidi asubuhi. Mtu mzima aliye salama kwa kawaida huweza kuingiza kinywani vidole vyake vitatu vilivyopangwa juu kwa juu. Mlio usio na maumivu hauhitaji tiba, wengi wanao.

Tiba yenyewe ni nyepesi kuliko hofu yake: chakula laini kwa majuma kadhaa, kitambaa cha maji ya uvuguvugu shavuni, na dawa ya maumivu kwa ushauri wa mtabibu, hasa kwa mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo. Asagaye meno aweza kutengenezewa kinga ya kuvaa usiku. Upasuaji ni kwa wachache mno.

Lipo jambo jingine, taya kuteguka. Mtu hupiga mwayo mpana, kinywa kikabaki wazi, mate yakimtoka, na waliopo wakaanza kunong'ona habari za majini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuuzuia mwayo na kufunika kinywa kwa mkono, adabu hiyo humfaa sana ambaye taya yake huteguka mara kwa mara. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika katika kitabu chake Al-Tasrif namna ya kuirudisha taya kwa mikono, na mpaka leo hospitalini hurudishwa kwa mikono. Mgonjwa afikishwe siku hiyohiyo, kwani misuli ikikaza kazi huwa ngumu. Kwa watu wa Itilima, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo Bariadi, na yanayozidi hapo hupelekwa Bugando, Mwanza.

Lakini taya ikikataa kufunguka siku chache baada ya mtu kujikata kwa jembe au kuchomwa na mwiba, na shingo ikakakamaa, usimpikie uji ukingoja. Huenda ni pepopunda, nayo huua. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.