Msafiri Aliyebeba Gita

Nilikuwa nikiipiga sahani hii baada ya Isha, mzee mmoja jirani akasimama barazani akasikiliza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hawa Waarabu wa wapi?" Nikamjibu kuwa ni Watuareg wa Mali, Waislamu wenzetu wa Sahara, na lugha yao ni Kitamasheki. Akaketi.

Bendi yenyewe ni Tinariwen, maana yake "majangwa". Sahani ni "Amassakoul", yaani "msafiri", ya pili kwao, iliyotoka mwaka 2004. Wazungu huuita muziki huu roki ya jangwani. Kweli, magita ni ya umeme na yanakwaruza, lakini mwenye sikio la mashairi atagundua upesi kwamba gita hapa ni mtumishi. Bwana ni neno. Mtunzi hutoa ubeti, wenziwe wakapokea kwa kiitikio, makofi yakashika mwendo, na wanawake wakapiga vigelegele. Ngoma yao ya asili, tinde, ni kinu kilichowambwa ngozi ya mbuzi. Kinu, wasomaji wangu, cha kutwangia!

Aliyeanzisha mambo haya ni Ibrahim Ag Alhabib. Babake aliuawa katika maasi ya Watuareg ya mwaka 1963, naye angali mtoto mdogo, na jamaa zake wakakimbilia Algeria. Gita lake la kwanza alijiundia kwa kopo la bati, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Katika miaka ya 1980 yeye na wenziwe walikuwa kambini Libya wakifunzwa vita, huku nyimbo zao zikienea kwa kanda, huyu akimnakilia yule, zikivuka mipaka ambayo watunzi wenyewe wasingethubutu kuivuka mchana. Sisi wa pwani tunaijua kazi ya kanda. Taarabu ngapi tumezipata vivyo hivyo?

Sahani yao ya kwanza, ya mwaka 2001, ilirekodiwa Kidal katika kituo cha redio, kwa umeme wa saa chache tu. Hii ya pili ilirekodiwa studio Bamako, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao. Nilihofia studio itawapamba kama bibi harusi, jamaa zao wasiwatambue. Wapi! Sauti ya Ibrahim imebaki na mchanga wake, kavu, ya mtu asiye na haraka. Ni "Arawan" tu iliyonishtua, maana maneno yanamwagika mbio mbio kwa mtindo wa rap. Mara ya kwanza niliuruka wimbo huo. Mara ya tatu nikatambua kuwa pumzi ni ile ile ya mghani, ila mwendo umeharakishwa.

Mapema mwaka 2012 bendi hii ilipewa tuzo ya Grammy huko Marekani kwa sahani nyingine, "Tassili". Mwaka huo huo watu wenye bunduki, wakijifunika kwa dini, waliiteka kaskazini ya Mali na kuupiga muziki marufuku. Mimi niliyesoma chuoni, na sikio langu la vina likafunguliwa na kasida za Maulidi, jambo hilo liliniuma. Sahani yao ya mwaka 2014 ikabidi irekodiwe katika jangwa la California.

Nilipomweleza mzee hayo, alinyamaza kitambo, kisha akaniomba niurudie wimbo wa kwanza.