Mwanya Urembo, Pengo Je?

Hebu tuseme ukweli, msomaji. Binti mwenye mwanya akicheka, watu wanageuka. Wapo hata wanaochonga meno yao mazima ili wapate mwanya wa kununua (ujinga mtupu, maana gamba gumu la jino likishasagwa haliotI tena). Lakini pengo? Pengo linafichwa. Linafichwa kwa kiganja, kwa ncha ya khanga, kwa kucheka umefunga midomo kama mtu mwenye maji mdomoni.

Binti wa shangazi yangu, mwenyeji wa Ngerengere kule Morogoro, alificha la kwake miaka saba. Alikuwa na miaka 17 alipofungua soda kwa meno mbele ya wenzake siku ya mahafali. Soda ilifunguka, na jino la mbele la juu likakatika nusu. Mwanzoni halikuuma sana, akaliacha. Baadaye likageuka kijivu, fizi ikavimba, usiku halali. Alipokwenda kutibiwa likang'olewa, kesi ikafungwa. Hakuna aliyemwambia kama kulikuwa na njia nyingine, na yeye hakujua hata cha kuuliza.

Halafu akampata fundi wa mtaani aliyemchongea jino la plastiki la kuvaa. Kwa mbali lilipendeza. Kwa karibu lilicheza, lilikwaruza fizi, na kula makande ilikuwa kama kucheza bahati nasibu.

Katikati ya hayo akapata mchumba, kijana wa Dar. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, na Ngerengere ikiwa na kituo chake, mapenzi ya mbali si ya mbali kihivyo tena. Mjomba, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye neno, akakubali posa. Sendoff ikabaki miezi miwili. Ndipo nikapigiwa simu.

"Dada, nataka jino la maana. Na shemeji yako asijue, anadhani hili ni langu."

"Si lako kweli? Si umelilipia?" Hakucheka.

Tukaenda kliniki Dar. Daktari, mama mmoja mpole, alianza na picha ya eksirei, kisha akatueleza kitu ambacho kilimtoa mdogo wangu machozi: lile jino lililokatika lingeweza kupona. Jino likivunjika mpaka kwenye mshipa, ndani yake husafishwa, mshipa uliokufa hutolewa, mzizi huzibwa, na juu huvikwa kofia inayofanana na jino lenyewe. Jino huwa halina uhai tena, lakini linakaa na linatafuna. Na likivunjika kidogo tu, bila kufika kwenye mshipa, hujazwa kwa dawa nyeupe ya rangi ya jino, siku hiyo hiyo unaondoka.

Sasa lilishang'olewa. Ukiwa na pengo, njia ni tatu.

Ya kwanza ni meno ya kuvaa na kuvua, ila yaliyotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako, siyo ya kukisia. Ndiyo nafuu kuliko zote na hayachukui muda mrefu. Usiku unayavua, unayaweka kwenye maji. Unapoyasafisha, weka beseni la maji chini yake, maana yakidondoka sakafuni yamevunjika.

Ya pili ni daraja. Meno mawili ya jirani husagwa, yakavikwa kofia, na jino la bandia likaning'inia katikati yao. Halivuliwi. Ubaya wake ni kwamba unasaga meno mazima ili kusaidia lisilokuwepo. Kama majirani hao tayari wameharibika, sawa. Kama ni wazima, mimi ningefikiri mara mbili.

Ya tatu ni kipandikizi. Skrubu ndogo ya titani hupandwa ndani ya mfupa wa taya, na jino hufungwa juu yake. Hii ilianzia Uswidi. Mwaka 1952 mtafiti Per-Ingvar Brånemark aliweka kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura, na alipotaka kukitoa akakuta kimeshikana na mfupa, hakitoki. Mwaka 1965 akampandikizia binadamu wa kwanza. Ni njia nzuri sana, lakini ni ghali, na mfupa kwa kawaida huhitaji miezi kadhaa kushika kabla ya kubeba jino. Tena pengo likikaa miaka mingi, mfupa wa pale hupungua, kwa hiyo lazima upimwe kwanza. Mtu mwenye sendoff baada ya wiki nane hapo hana lake.

Wakati tunapiga hesabu, daktari alikuwa anachungulia nyuma. Akakuta magego mawili yana matundu madogo. Mdogo wangu akashika mikono ya kiti. "Usinipige mashine, mama." Daktari akamwambia hatumii mashine. Akachukua vifaa vya mkono, vidogo kama vijiko vya mdoli, akakwangua sehemu laini iliyooza, akachanganya unga na maji yake, akabandika, akakandamiza kwa kidole. Kimya kabisa. Hakuna sindano ya ganzi, hakuna mlio.

Njia hiyo, msomaji, imezaliwa hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam waliona kwamba vijijini hakuna umeme wa kuendesha mashine, kwa hiyo kila jino linalouma linang'olewa. Wakaamua kutumia vifaa vya mkono tu. Baadaye ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Ile saruji inayotumika, glasi ayonoma, huganda yenyewe bila taa na hushikana na jino, na mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Inafaa kwa tundu dogo, haitafufua jino lililokufa. Lakini ukienda kwenye kituo cha afya chenye mtaalamu wa meno, kabla hujasema "ng'oa", uliza: "Haliwezi kuzibwa?"

Mdogo wangu alichagua la kuvaa kwa sasa, la kipimo. Likakaa vizuri mpaka akaanza kupiga miluzi. Ikabaki ile habari ya shemeji.

Mimi nilimwambia amwambie kabla ya ndoa. Utalalaje na mtu miaka 40 huku jino liko kwenye glasi uvunguni? Alinuna siku tatu. Jumamosi moja akamsubiri stesheni Ngerengere, na kabla hata ya kumpokea begi akafungua mdomo, akalivua, akamwonyesha.

Shemeji aliliangalia. Akauliza limegharimu kiasi gani. Kisha akauliza kama kweli aliwahi kufungua soda kwa meno, na alipoambiwa ndiyo, akacheka mpaka abiria wakageuka. Yeye mwenyewe gego la kushoto hana.

Kwenye picha za sendoff bibi harusi amecheka zote. Sasa wanachangishana cha kipandikizi, na mwezi ujao wanakwenda wote wawili kupima mfupa.