Mbwa Anapojikuna Bila Kukoma

Mbwa mwenye afya hujikuna mara mojamoja, kisha huendelea na shughuli zake. Anayejikuna usiku kucha, anayejitafuna kiunoni au kulamba miguu mpaka manyoya meupe yakawa na rangi ya kutu, huyo anaumwa. Lakini mwasho peke yake hautaji ugonjwa. Viroboto, utitiri, kuvu, bakteria na mzio vyote huuleta, tena kwa sura zinazokaribiana, na ndiyo sababu dawa iliyomponya mbwa wa jirani inaweza isimsaidie mwingine, au ikamdhuru.

Katika kituo cha biashara cha Mahoko, sekta ya Kanama wilayani Rubavu, kama kwingi katika nyanda za juu za Rwanda, mbwa hufugwa zaidi kwa ajili ya ulinzi. Mlinzi wa namna hiyo hulala nje, juu ya gunia au majani makavu, jirani na mbuzi na kuku. Kwa maisha hayo mshukiwa wa kwanza ni kiroboto. Alama yake ni manyoya kunyonyoka mgongoni karibu na mkia. Kiroboto mwenyewe hujificha vizuri, ila kinyesi chake hakijifichi: manyoya yakichanwa kwa kitana chembamba juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, punje nyeusi hudondoka na kuacha doa jekundu linalosambaa. Ni damu ya mbwa iliyokwisha kumeng'enywa.

Viroboto wanaoonekana mwilini ni sehemu ndogo tu ya jeshi zima. Jike hutaga mayai makumi kwa siku, nayo huteleza na kuangukia kwenye malalo. Mabuu hukulia humo, kisha hujifunga katika vifukofuko ambavyo dawa nyingi haziwezi kupenya, na huweza kungoja humo kwa miezi. Kumwogesha mbwa na kumrudisha kwenye gunia lilelile ni kazi bure. Majani huchomwa moto, gunia huchemshwa na kuanikwa, sakafu hufagiliwa hadi pembeni, na dawa ya mwilini huendelea kwa takriban miezi mitatu. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huhitaji uangalifu zaidi, kwani kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa.

Wilaya ya Rubavu ina silaha yake dhidi ya wadudu hao. Pamoja na Nyabihu, Musanze na Burera, hulima pareto kwenye udongo wa volkano, na maua yake husindikwa kiwandani Musanze. Pairethrini iliyomo katika maua huvuruga neva za wadudu, ila huharibika upesi juani na hivyo hulazimu kurudiwa. Permethrini, iliyotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu hiyo, hudumu zaidi. Mbwa huivumilia kwa kipimo chake. Paka inaweza kumuua. Nyumba yenye wote wawili ifanye tahadhari.

Upele wa utitiri ni shari nyingine. Utitiri jike huchimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Magamba huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na vifundo vya miguu ya nyuma, na mwasho huwa mkali mno. Kipo kipimo kisichohitaji chombo chochote: ukingo wa sikio ukisuguliwa kati ya vidole viwili, mbwa wengi wenye upele huanza kutikisa mguu wa nyuma kana kwamba wanajikuna. Si uthibitisho kamili. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini, na hata hapo utitiri huweza kukosekana ingawa upo.

Nje ya mwili, utitiri huo hufa baada ya siku chache penye joto, lakini penye ubaridi na unyevu huweza kuishi hata wiki mbili au zaidi. Kwa binadamu huleta vipele mikononi na tumboni, ambavyo kwa kawaida hupoa mbwa akitibiwa. Jamii hiyo ya utitiri haichagui sana: mwaka 1996 huko Bwindi, Uganda, iliwashambulia gorila wa milimani. Mtoto mmoja alikufa, wengine wakapona baada ya kudungwa aivamektini.

Aivamektini hiyohiyo huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo, na hapo ndipo ajali hutokea. Katika dawa ya asilimia 1, mililita 1 imekusudiwa kilo 50 za ng'ombe. Mbwa wa kilo 12 hakisiwi kwa macho. Akizidishiwa hutanuka mboni, hupepesuka na huweza kupoteza fahamu. Mbwa wa aina ya Collie, na hata baadhi ya German Shepherd, huwa na kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo huhitaji dawa nyingine. Oili chafu ya gari, tiba ya mitaani, huunguza ngozi na humezwa mbwa anapojilamba. Haifai kabisa.

Harufu nzito na unyevunyevu masikioni au kwenye mikunjo huashiria kuvu au bakteria. Shampuu ya kloheksidini, ikiachwa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa, husaidia. Maji ya baridi hutuliza. Sabuni ya unga ya kufulia hukausha ngozi na kuongeza mwasho. Mafuta ya samaki nayo hupunguza mwasho kidogo, baada ya wiki kadhaa.

Sindano ya steroidi huondoa mwasho haraka, na kwa hiyo hupendwa. Ikitangulia uchunguzi, huficha upele na huchochea utitiri wa demodeksi, ule unaonyonyoa manyoya ya watoto wa mbwa bila kuwasha sana. Kwa upele uliotibiwa ipasavyo, kujikuna huweza kuendelea wiki mbili hivi baada ya utitiri kufa, kwa kuwa mabaki yake bado yamo ngozini. Kipindi hicho dozi haiongezwi; ratiba ya daktari hufuatwa, na mbwa wote wa boma hutibiwa pamoja, hata wasiojikuna.