Okidi Nzuri Isiyozaa

Menya ndizi yoyote ya kula, ikate katikati, uiangalie kwa makini. Vile vidoa vyeusi ni mbegu zilizoshindwa kukua. Migomba ya matoke ya Bukoba na Uganda ina kromosomu 33, yaani seti tatu za kromosomu 11, na tatu haigawanyiki kwa mbili. Mkulima wa migomba hajali, kwani yeye hupanda machipukizi. Anayelia ni mzalishaji wa okidi.

Chukua Phalaenopsis, okidi nondo, ile inayouzwa ndani ya chungu cha plastiki, maua yake yametanda kama mabawa. Jamaa zake wa porini, huko Ufilipino na Indonesia, wana kromosomu 38: za baba 19, za mama 19. Mwaka 1940, shamba la Duke Farms la New Jersey, Marekani, lilisajili chotara mweupe aliyeitwa Doris. Maua yalikuwa makubwa, ya duara, mazito mkononi. Zilipohesabiwa kromosomu, zikakutwa 76. Nyingi za okidi kubwa nyeupe za leo ni vitukuu vyake.

Tamaa huanzia hapo. Kwa nini usimwoze Doris kwa okidi ndogo ya porini yenye rangi kali? Kazi yenyewe ni ya dakika moja. Kwa kijiti cha meno unainua kikofia kilicho katikati ya ua, unatoka na vidonge viwili vya manjano vya chavua, unavipachika kwenye kishimo chenye ute cha ua la pili. Siku chache baadaye ua linanyauka na kikonyo kinavimba. Miezi inapita, tunda linapasuka, mbegu zinamwagika kama vumbi, maelfu kwa maelfu. Miche inakua vizuri, inachanua, inapendeza. Kila mmoja una kromosomu 57: za Doris 38, za porini 19.

Na ukoo unakwama papo hapo. Chavua inapoumbwa, kromosomu hujipanga mbili mbili kisha huachana, moja huku, nyingine kule. Zikiwa tatu tatu, ya tatu hujiendea kokote. Seli moja inaambulia 25, jirani yake 32, na nyingi hufa. Tunda laweza kunenepa kabisa, ukalifungua ukakuta makapi meupe matupu. Wapo wenye subira wanaopata miche michache katika tunda zima. Nawavulia kofia, ila hiyo ni bahati nasibu.

Hata hesabu zikilingana, usishangilie mapema. Phalaenopsis amabilis na Phalaenopsis violacea zote zina 38, lakini kromosomu za violacea ni kubwa zaidi. Ndani ya chotara wao hazitambuani, hazishikani. Naye huwa tasa. Cha ajabu, tiba yake ni kuziongeza. Kolkisini, dawa ile ile ya jongo, na ni sumu kweli kweli, huzuia nyuzi zinazovuta kromosomu pande mbili, hivyo seli hubaki na nakala zote. Wataalamu wa mimea wameitumia tangu mwaka 1937. Zikifika 76, kila moja ina pacha wake, na chavua inakuwa hai tena.

Kuhesabu kunataka ncha ya mzizi, rangi na hadubini nzuri, tena macho yasiyochoka, maana kromosomu hizo huonekana kama punje za ulezi zilizomwagika. Wengine hupima vitundu vya kupumulia vya jani, ambavyo huwa vikubwa zaidi kwenye mimea ya seti nne kama Doris. Ni makisio tu, lakini afadhali hayo kuliko kungoja maua miaka miwili au mitatu, halafu ukute ukoo umekatika.

Basi okidi yako ikikataa kushika tunda, usikimbilie kulaumu mbolea wala maji. Muulize aliyekuuzia ina kromosomu ngapi. Akibabaika, ibakishe dirishani uyafurahie maua, na mzazi wa mbegu katafute kwingine.